Ukungu wa Iyula na Jogoo Asiye Wangu

Jogoo mmemwona. Tangu nirudi, kila anayepita uani kwangu hapa Chitete anasimama, anamsifia manyoya, halafu ananipa mkono: shangazi wa kweli, umempeleka binti yetu kwa heshima. Kina mama wa kwaya walifika hadi kumwimbia. Mimi nimekuwa nikijibu "tumshukuru Mungu" na kuingia ndani haraka kana kwamba nimeacha kitu jikoni. Juzi mkanikalisha, mkasema sasa tueleze safari ilivyokuwa. Mbele ya macho yenu ulimi ulikuwa mzito, ndiyo maana naandika. Someni wote, hata wasiojua kufunga midomo. Enita mwenyewe ameniruhusu. Anasema huko aliko ameshazoeleka na jambo hili limekuwa kicheko cha nyumbani. Kwangu bado si kicheko.

Kwa msiojua vizuri, Enita ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na amekulia kwangu tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Ndoa yake na Ezekia ilifungwa hapa kanisani, mlikuwepo. Bwana harusi akatangulia kwao Iyula na wanaume wake, nasi tukabaki na kazi ya kumpeleka bibi harusi. Kwa koo zetu bibi harusi hajipeleki. Gari likisimama kwa wakwe, anafunikwa kitenge kuanzia kichwani hadi magotini. Shangazi anatangulia, yeye anashika ncha ya shali ya shangazi na kumfuata bila kuona. Mama mkwe anamngoja mlangoni, anamwingiza chumbani, anamwosha miguu, na ndiye wa kwanza kuuona uso wake katika nyumba ile. Anayeingia uso wazi huitwa aliyejileta. Mnamjua mama mmoja hapa kwetu, simtaji, kitenge chake kilipeperushwa na upepo siku hiyo. Leo ana wajukuu, na bado mawifi zake wakikasirika wanamtupia jina hilo. Hilo ndilo nililokuwa nimebeba kwenda Iyula: jina la Enita.

Jambo ambalo hamkulijua, wala kaka yangu hakulijua, ni kwamba mimi naogopa ukungu.

Radi siogopi. Nyoka nawaua mwenyewe. Lakini ukungu ukishuka, naona vitu vinafutwa kimoja kimoja, mti, ukuta, mtu aliye mbele yangu, na moyo unaniambia zamu yangu inafuata. Miguu inakataa, kifua kinabana, jasho linanitoka kwenye baridi. Nilipokuwa bweni Vwawa, asubuhi za namna hiyo nilijifunika gubigubi nikasema naumwa tumbo. Walimu waliniita mvivu, nami nikaona afadhali niwe mvivu. Msiniulize ilianzaje. Sijawahi kupotea kwenye ukungu, wala hakuna aliyenifia humo. Ningekuwa na kisa ningekitoa, na aibu ingepungua. Nilipoolewa huku kwenye joto nilishukuru kimyakimya, na miaka ilivyopita nikajidanganya kwamba yamekwisha.

Chitete mpaka Tunduma

Mpango wangu ulikuwa mmoja tu, kufika Iyula jua likiwa kichwani. Mwezi wa sita kule milimani ukungu hukaa asubuhi, mchana hupanda, jioni hurudi. Kwa hiyo niliwaambia watu kwamba ni utovu wa adabu kufika kwa wakwe jua likiinama. Mlinisifu kwa kujua mila. Nilikuwa najua ukungu.

Kwenye mkoba niliweka tangawizi ya kutafuna na miwani nyeusi. Tangawizi huniwasha ulimi, nikapata kitu kingine cha kufikiria. Miwani ni kwa sababu weupe ule ukionekana kama kiza, kidogo nauvumilia, kwani kiza sina shida nacho.

Dereva wetu alikuwa Jofrey na gari yake aina ya Noah, kijana mpole, mcheshi, ambaye hajawahi kuona sababu ya kuharakisha kitu chochote. Alichelewa kuja kwa sababu alikuwa anaiosha gari. Kuiosha gari, kwa barabara ya kutoka Chitete. Kabla hatujaenda mbali ilikuwa imerudi rangi ya barabara, na sisi tuliokuwa ndani tulikuwa tumefanana nayo. Enita alikaa nyuma yangu akiwa amejifunga mtandio mdomoni, amekumbatia kikapu cha karanga, hasemi. Nilidhani ana huzuni ya kuondoka, nikamwacha.

Kwenye mteremko mmoja tukakuta lori la mahindi limevunjika ekseli katikati ya njia. Kushoto korongo, kulia mwamba. Wenye lori walikuwa wameshakoka moto na wanachemsha viazi, dalili kwamba hawakutegemea kuondoka leo. Nikashuka nikawasemesha. Niliwasemesha vibaya, nakiri, kuhusu magari mabovu na watu wasiojali harusi za wenzao. Mama mmoja aliyekuwa juu ya magunia akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa kiazi.

"Kula, mama. Ukishiba utaona njia."

Nilikila, na njia kweli ikaonekana, kwa sababu wanaume wa lori na Jofrey walishika majembe wakachimba ukingo wa mwamba, wakapanga mawe, Noah ikapita ikiwa imeinama kama inataka kulala. Jofrey alirudi usukani amelowa jasho, akanitazama.

"Mama, mbona una presha kuliko bibi harusi?"

Nikamwambia atazame mbele.

Tunduma, kwenye foleni

Tunduma tulipaswa kumchukua wifi yangu Roza, mdogo wa marehemu mama yake Enita, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mnajua mawifi walivyo, na huyu ni wifi kamili. Tangu kaka yangu aoe kwao, hajawahi kuniona bila kunitania, nami sijawahi kumwacha bila kumjibu. Tuliahidiana akutane nasi asubuhi kando ya barabara kuu. Alikuja mchana, kwa miguu, mzigo kichwani, na sababu yake ilikuwa kwamba alikutana na watu.

"Mulishani, wifi," akanisalimu Kibemba. "Umekuwa mweupe kwa vumbi, wakwe watadhani tumewaletea unga."

Wakati huo foleni ya malori ilikuwa imeziba hadi njia ya magari madogo. Tulikaa. Injini zimezimwa, madereva wamelala chini ya matela, wauza maji wanapita. Mimi nilikuwa natazama mashariki, upande wa milima ya Mbozi, kuona kama kuna weupe. Hapo ndipo nilipovaa miwani.

"Unaumwa macho?" wifi akauliza.

Nikasema ndiyo. Ni uongo mdogo, na mtu hategemei uongo mdogo utamsumbua. Wifi akashuka, akapotea katikati ya maduka, akarudi na chupa ya dawa ya macho na sahani ya chipsi mayai. Akanilaza kichwa kwenye kiti akanitia matone huku akinishika kidevu kama mtoto. Yaliwasha. Macho yangu yalikuwa mazima tangu nizaliwe, na siku ile yakawa mekundu kweli.

Aliyetutoa pale ni wifi huyo huyo. Alimwendea dereva wa lori lililotuzibia, Mzambia mzee mwenye kofia ya sufu, akaongea naye Kibemba kwa heshima zote, mukwai huku, mukwai kule. Mzee akachungulia ndani ya Noah, akaona kitenge kipya kilichokunjwa mapajani mwa Enita.

"Nabwinga?" akauliza, na wifi akajibu ndiyo, ni bibi harusi.

Mzee akavua kofia. Akapanda lorini, akalisogeza mbele kidogo, akamwita mwenzake wa nyuma naye akarudi nyuma kidogo, na namna hiyo tukapenya. Enita alimpungia mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu siku hiyo, nami nilikuwa nimeshughulika na macho na saa, sikumwuliza kitu.

Vwawa na Mlowo

Kwenye lami tulikimbia vizuri. Tulipopita Vwawa baridi ikaanza kuingia dirishani, watu wa barabarani wamevaa makoti, na juu ya vilima kulikuwa na wingu limekaa chini kuliko wingu linavyopaswa kukaa. Nikatafuna tangawizi. Nikasema tusisimame popote.

Jofrey akasimama Mlowo. Alisema mwanaume hawezi kupita Mlowo bila kula kitimoto, na kwamba yeye hajaonja kitu tangu achimbe mwamba. Hilo la mwamba lilikuwa kweli. Wakakaa kwenye mabenchi, nyama ya nguruwe ikakaangwa pole pole na ndizi zake, wifi akaagiza na pilipili. Mimi nilisimama nje nikitazama vilima.

"Wifi, njoo ule," akaniita. "Au unatunza tumbo kwa ajili ya wakwe? Kina mama wa kwenu mna tamaa ya kistaarabu."

Watu wa mabenchi mengine wakacheka. Siku nyingine ningemjibu hadi akome. Siku ile nilimwambia ale upesi, tena kwa sauti ambayo hata Enita aliinua uso. Nikaona wote wananitazama kama mtu asiyependa kuonekana nao, na nikawaacha wadhani hivyo, kwa sababu kuringa kuna heshima yake, lakini mwanamke wa umri wangu akiogopa hewa hana pa kuuweka uso. Tungeondoka mapema kidogo kama ningesema ukweli pale pale. Wifi angecheka, angelia kwa kucheka, halafu angepanda gari. Namjua.

Ruanda mpaka Iyula

Tulipofika Ruanda jua lilikuwa bado lipo, lakini limeingiwa na maziwa. Tukasimama kuuliza njia kwa dada anayeuza maparachichi kando ya barabara. Alikuwa amejifunga blanketi na ametulia.

"Iyula mtafika," alisema. "Ila nendeni taratibu. Juu kumeshashuka."

Sikuuliza kumeshashuka nini. Nilinunua maparachichi mengi kuliko tuliyohitaji, nadhani ili tukae pale kidogo zaidi karibu na mtu anayeonekana.

Tukaacha lami. Barabara ya udongo mwekundu inapanda kati ya mashamba ya kahawa, na watu walikuwa bado wanachuma, vikapu kiunoni. Kisha kona moja, na nyingine, na wachumaji wakawa vivuli, kisha sauti tu, kisha hakuna. Jofrey akawasha taa, akaenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgonjwa. Nilifumba macho nyuma ya miwani. Nilishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Nilitafuna tangawizi hadi ikaisha, nikaendelea kutafuna nyuzi zake.

"Wifi analala," nikamsikia Roza akisema kwa sauti ndogo. "Macho yanamsumbua, mwacheni."

Nikaona aibu kwa jinsi alivyosema kwa huruma.

Uani

Gari likasimama. Jofrey akasema ndipo hapa, ameona nguzo za turubai, ila watu haoni. Baadaye tulijua kwamba walitungoja tangu mchana hadi baridi ikawashinda, wakaingia jiko la nje kuota moto, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine.

Wifi na Jofrey wakaenda nyuma kushusha vikapu. Nikamfunika Enita kitenge ndani ya gari, nikampa ncha ya shali yangu, nikafungua mlango. Nilishuka kwa kiburi tupu. Nilijiambia ni mwendo mfupi, nitazame miguu yangu tu.

Nilitazama miguu nikaiona. Nikatembea. Kisha nikafanya kosa la kuinua uso kutafuta nyumba, na hapakuwa na nyumba. Nikageuka kutafuta gari, na hapakuwa na gari. Palikuwa na weupe pande zote, umenigusa usoni kwa unyevu, na ncha ya shali yangu inaingia ndani yake na kuishia hewani. Najua Enita alikuwa ameishika. Wakati ule sikujua chochote. Nikakaa chini kwenye udongo uliolowa, na nikaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu.

Enita akavuta shali, haikwenda. Akanigusa begani, akaita, "Shangazi. Shangazi, umeanguka?"

Nikamwambia, "Nifunike. Nisiuone. Nifunike."

Hakuuliza ni nini. Alivua kitenge chake mwenyewe, akanifunika mimi kuanzia kichwani, akanibana vizuri shingoni. Akachukua shali yangu akajitanda kichwani kwa baridi. Kisha akaniinua, akanishika mkono na kuniongoza. Chini ya kile kitenge palikuwa na kiza na harufu ya sanduku la nguo mpya, na nikapata pumzi. Nilimfuata. Mtoto niliyepaswa kumpeleka alinipeleka, uso wake uko wazi, nami nilikuwa na nafuu hata sikukumbuka kwamba hilo ni kosa.

Chumbani kwa Mama Ezekia

Mama Ezekia alikuwa amesikia gari. Yeye ni mama wa bwana harusi, na kwa mila hakuja harusini, hupokea tu. Enita alikuwa amemwona kwenye picha ya simu, na yeye vivyo hivyo. Alitoka mlangoni na taa, akaona mwanamke aliyefunikwa anaongozwa na mwanamke aliyejitanda shali na kuinamisha uso. Hakuwa na sababu ya kudhani vinginevyo. Akanishika mkono akaniingiza.

Mnajua bibi harusi hasemi hadi afunuliwe. Enita hakuweza kusema "bibi harusi ni mimi" huku uso wake u wazi. Mimi ningeweza kusema, lakini meno yalikuwa yanagongana, na nakiri kwamba chini ya kitenge nilikuwa salama na sikutaka kitoke. Nikakalishwa kwenye kigoda. Mama Ezekia akafunga mlango, akaomba sala ndefu ya kunikaribisha katika nyumba yake, akamwomba Mungu anipe uzao. Nina miaka hamsini na kitu. Kisha akaleta beseni la maji ya moto, akanivua viatu, akaanza kuniosha miguu.

Akavipapasa visigino vyangu. Mnavijua visigino vyangu.

"Asante Mungu," akasema taratibu. "Hii miguu imelima. Nilikuwa na wasiwasi wataniletea msichana wa kucha ndefu."

Hapo nilitamani sakafu ipasuke. Aliniosha hadi katikati ya vidole, kwa upendo, akanikausha kwa kanga mpya, kisha akasimama, akashika ncha za kitenge na kufunua.

Aliinua taa kunimulika. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa machozi na kwa dawa ya wifi.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mimi ni shangazi."

"Na mwanangu yuko wapi?"

Kutoka pembeni ya mlango sauti ikajibu, "Niko hapa, mama." Enita alikuwa amesimama ameelekea ukutani, paji la uso limegusa ukuta, mgongo kwetu, ili asionekane.

Mama Ezekia alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alifumba macho yake kwa kiganja. Akabaki hivyo, amesimama, taa mkono mwingine, akauliza, "Nani mwingine amemwona?"

"Hakuna," Enita akasema. "Nje ni ukungu tu."

"Basi hata mimi sijaona. Mfunikeni. Rudini garini, mje upya, nitapiga vigelegele watu watoke. Shangazi, kamlete mwanangu."

Nikasema, "Siwezi."

Ilibidi niseme na sababu. Sijawahi kuisema kwa mume wangu, na nilimwambia mkwe aliyenifahamu kwa visigino tu. Nikasema mkwe, mimi naogopa ukungu. Akatoa kiganja machoni kunitazama, akakumbuka, akageukia upande wangu tu.

"Ukungu?" akasema. "Huu unaotumwagilia kahawa?"

Hakunicheka. Afadhali angecheka. Alikuwa anajaribu kwa dhati kuelewa, kama mtu aliyeambiwa mgeni wake anaogopa ugali.

Nikajaribu. Enita akiwa amefunikwa tena, nikafungua mlango, nikaweka mguu mmoja nje. Kulikuwa na ngazi, na baada ya ngazi hakuna kitu. Nikarudisha mguu. Nikaweka tena. Nikarudisha, nikashika mwimo wa mlango, na mikono ikakataa kuuachia hata nilipoiamuru. Wifi Roza akatokea kwenye weupe akiwa na kikapu kichwani, akakuta hayo: mimi nimeng'ang'ania mwimo, Enita amefunikwa nyuma yangu, mama mkwe ameelekea ukutani. Enita akamweleza kwa maneno machache kutoka ndani ya kitenge.

Tangu nimjue wifi, hajawahi kukosa neno la kunitania. Siku ile alilikosa. Alitua kikapu, akachukua shali yangu, akajitanda kama ninavyojitanda mimi hadi kwenye paji la uso, akamshika Enita, wakaingia kwenye ukungu kurudi garini.

Mara ya pili

Shangazi hawezi kuwa mahali pawili, kwa hiyo Mama Ezekia aliniingiza stoo, kwenye magunia ya mahindi, akarudishia mlango. Akapiga vigelegele. Nikasikia jiko la nje likifunguka, miguu inakimbia, ngoma, watu wanaitana. Nikasikia wifi akianza wimbo ambao ni wangu kuuanza. Aliuimba chini kidogo, kwa sauti inayofanana na yangu. Ukaja pole pole kutoka mbali, haukukatika, ukapita karibu na ukuta wa stoo, ukaingia ndani. Enita aliingia Iyula amefunikwa, akiongozwa, na mkwe wake akamfunua yeye akiwa wa kwanza kumwona. Kilichofanya watu wasigundue kitu ni ukungu ule ule. Mimi nilikuwa kwenye magunia.

Kisha wifi akapenya stoo, akanivisha shali yangu bila kunitazama usoni, akasema, "Toka. Wanamtaka shangazi."

Nikatoka. Walinishangilia. Mama mmoja mzee akanishika mikono yote miwili akasema ukungu wote ule, na hukujikwaa hata mara moja. Wakaniletea zawadi ya shangazi, jogoo, akawekwa mikononi mwangu watu wakipiga makofi. Mama Ezekia alipiga makofi na wengine. Wifi alikuwa mlangoni amekaa na vikapu, anakula parachichi.

Kurudi

Tuliondoka kesho yake mchana, jua kali, mbingu safi kabisa. Ndipo nikauona ule uwanja. Kahawa imeanikwa kwenye vichanja, mbuzi amefungwa, watoto wanacheza. Kutoka mlango wa nyumba hadi alama za matairi ya Noah ni kama kutoka mlango wa kanisa letu hadi kwenye kengele. Nilisimama nikautazama hadi Jofrey akapiga honi. Mama Ezekia akanishika kiwiko kunisindikiza, na jua linawaka, akanishika hivyo hivyo hadi mlangoni mwa gari kama anayemtoa mgonjwa wodini. Sikuwa na nguvu ya kumwambia aniache.

Tunduma nikamkabidhi wifi yule jogoo. Akakataa.

"Huyo ni jogoo wa shangazi," akasema. "Mimi ni mama mdogo, nitamla kwa cheo gani?"

"Wewe ndiye uliyempeleka."

"Mimi nilikuwa nalinda vikapu. Nani kakwambia niliacha vikapu?" Akajitwika mzigo, akavuka kwenda kwake.

Hivyo ndivyo jogoo alivyofika Chitete, nanyi mkanipongeza.

Enita alinipigia wiki hii. Nilimwomba msamaha, mara ya ngapi sijui. Akaniambia kitu ambacho sikukijua. Kwamba njia nzima, tangu Chitete, alikuwa anatetemeka kwa kuogopa kuingia kwa watu asiowajua, na hakuwa na wa kumwambia kwa sababu mimi nilikuwa mkali. "Ulipoanza kulia pale chini, Shangazi, nikasahau ya kwangu." Kwa hiyo tulikuwa wawili kwenye gari lile tunaogopa, na mkubwa ndiye aliyejali hofu yake peke yake. Hilo linaniuma kuliko visigino.

Jogoo nitamchinja Jumapili baada ya ibada, njooni wote. Wifi naye anakuja. Nilimpigia, akasema kula jogoo wa shangazi haachi. Kuhusu Iyula ameniapia kwamba hakushuka garini, na mkimwuliza atawaambia hivyo hivyo, kwa hiyo msimwulize, wala msimshukuru. Mpeni kiti cha mbele, na paja awekewe yeye. Akitaka kujua kwa nini, mwambieni ni kwa sababu ametoka mbali.